Nilikula Baga Ndani ya Gari



Nianze kwa kukiri, ingawa hapa si kwenye kitubio. Likizo iliyopita, nikiwa na miaka 25 na nimemaliza mwaka wa pili wa falsafa, nilikula baga kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Niliila ndani ya gari. Niliila bila kusali. Niliimaliza kabla mwenzangu hajafungua ya kwake. Na baga yenyewe sina ugomvi: ilikuwa tamu, na anayebisha akaionje. Ni hayo mengine matatu yaliyonirudisha seminarini nikiwa na kitu cha kuandika.

Kaka yangu anaendesha teksi jijini Nairobi, zile zinazoitwa kwa simu. Huu ni mwaka wake wa tisa huko. Tangu nijiunge na seminari kuu tumekuwa tukikutana misibani tu, naye huja usiku na kuondoka mara baada ya maziko. Kwa hiyo safari hii niliaga nyumbani, nikapanda basi, nikavuka Namanga kwenda kumwona. Alinipokea jioni, akanikalisha kiti cha mbele, na kwa kuwa bado alikuwa na saa kadhaa za kazi, nikazunguka naye. Abiria mmoja aliniuliza kama najifunza udereva. Nikamjibu kwamba najifunza falsafa. Hakusema neno tena hadi aliposhuka.

Ilipofika saa mbili usiku kaka akaniuliza kama nina njaa. Kumwuliza mseminari swali hilo ni kupoteza muda. Nilitegemea tungekwenda kibandani, tukae kwenye benchi, tuletewe ugali na sukuma wiki. Badala yake alikata kona akaingia kwenye uwanja wa kituo kimoja cha mafuta, akazipita pampu zote, akalipanga gari nyuma ya magari mengine matano. Hakuzima injini. Ukutani palikuwa na picha za vyakula zinazowaka kama televisheni, na chini yake kisanduku chenye matundu. Zamu yetu ilipofika, kisanduku kikasema, "Karibu, naomba oda yako."

"Baga ya chizi, mbili," kaka akakiambia kisanduku.

Nilicheka kwa sauti. Kwetu chizi ni mtu aliyerukwa na akili. Kaka akanieleza kwa uvumilivu kwamba chizi ni jibini, frateri, ile ya maziwa. Kisha nikashtuka: "Ngoja kwanza, leo si Ijumaa?" Gari la nyuma likapiga honi. "Leo ni Alhamisi," kaka akasema, "na hata ingekuwa Ijumaa umeshachelewa."

Kwenye dirisha la kwanza tulilipa kwa simu. Kwenye dirisha la pili ukatoka mkono wenye mfuko wa karatasi. Wimbo ulioanza redioni tulipokuwa kwenye kisanduku ulikuwa bado haujaisha mfuko ulipotua mapajani mwangu, na mafuta yalikuwa yameanza kupenya. Bei sitaiandika. Mama husoma jarida hili kwenye simu ya shangazi.

Kaka akaegesha pembeni mwa uwanja, karibu na lango la kutokea. Simu yake ikaita. Alikuwa abiria aliyesahau mwavuli garini, na mazungumzo yakawa marefu. Mimi nikafungua karatasi. Kwa ambao hawajaonja, niwaeleze: mkate ni laini kuliko andazi na una utamu wa mbali, nyama ni ya kusaga, imekandamizwa ikawa kipande chembamba cha mviringo chenye chumvi na harufu kidogo ya moshi, tango la siki linakukwaruza ulimi. Na jibini, ambayo mimi niliyekuzwa na maziwa ya mgando sikuitegemea kitu, ilikuwa imeyeyuka na kuingia kila pengo, hata sikujua nyama inaishia wapi. Niliuma mara sita. Sikumbuki kutafuna.

Nilipoinua uso, kaka alikuwa amekata simu. Baga yake ilikuwa bado mfukoni. Akashusha kioo cha upande wake, maana askari wa lango alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka tulipo, rungu kwapani. "Soja, karibu." Yule mzee akainua mkono: "Asante boss, endelea." Kaka akafanya ishara ya msalaba, akafungua karatasi, akaanza kula taratibu. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi tupu yenye alama ya jibini. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimefanya mtihani wa maadili na kufaulu vizuri.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri. Ingesema kwamba chakula cha dirishani ni adui wa meza, na meza ndiyo inayoishika familia, na familia ni Kanisa la nyumbani. Basi, ole wao wenye madirisha. Nilipofika seminarini nilikwenda maktaba kutafuta silaha, na silaha zilikuwepo.

Ya kwanza ilikuwa kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae, anapozungumzia ulafi, anachukua kutoka kwa Mtakatifu Gregori Mkuu namna tano za kukosea katika kula. Kuna kutaka vyakula vya gharama, kuna kutaka vilivyoandaliwa kwa madoido, kuna kula kupita kiasi. Hizo tatu zinahusu chakula. Mbili zilizobaki zinamhusu mlaji mwenyewe: kula kabla ya wakati wake, na kula kwa pupa. Nilisoma ukurasa ule nimesimama katikati ya rafu za vitabu, na masikio yakanipata moto. Sisi tunapohubiri juu ya ulafi huwa tunamtazama mwenye tumbo kubwa na sahani iliyojaa. Thoma anasema unaweza kuwa mlafi kwa kipande kimoja cha mkate, ukikikimbilia.

Silaha ya pili niliipata kwenye historia. Migahawa ya kuhudumia watu ndani ya magari ilianzia Marekani. Unaotajwa kuwa wa kwanza, Pig Stand, ulifunguliwa mwaka 1921 huko Dallas, Texas. Dereva aliegesha, kijana akamfuata kuchukua oda, kisha akarudi na chakula. Bado palikuwa na kungoja kidogo, na palikuwa na mtu wa kutazamana naye usoni. Waliobadili mambo ni ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliokuwa na mgahawa wa aina hiyo San Bernardino, California, tangu 1940. Biashara ilikuwa inakwenda vizuri. Hata hivyo mwaka 1948 waliufunga kwa miezi kadhaa ili kuupanga upya. Waliwaachisha kazi wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari. Orodha ya vyakula wakaipunguza hadi vitu tisa. Sahani, uma na visu wakavitoa, kila kitu kikawa cha karatasi. Miaka michache baadaye, wakitaka kuharakisha zaidi, walichora jiko kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wakawatembeza wafanyakazi juu ya michoro ile wakiigiza kupika, ili waone nani anamgonga nani na hatua ipi inaweza kukatwa. Walipofungua tena mwaka huo wa 1948, baga ya kawaida ilikuwa senti 15 na ya jibini senti 19. Mwaka huohuo, katika mji wa Baldwin Park, California hiyohiyo, Harry Snyder na mkewe Esther walifungua In-N-Out, ambako mteja alitoa oda kwa kuongea na kisanduku bila kushuka garini.

Nakiri kwamba habari ya chaki kwenye uwanja wa tenisi ilinifurahisha. Ni akili kubwa. Lakini ukiviweka pamoja vitu vyote walivyoondoa, utaona vinafanana: ni vile vilivyomfanya mtu angoje. Sahani inangoja kuoshwa, mhudumu anangojwa, vyakula vingi vinamfanya mteja achague, na mteja anayechagua anamchelewesha wa nyuma yake.

Mwaka huohuo wa 1948, upande wa pili wa bahari, Ujerumani ikiwa bado magofu ya vita, mwanafalsafa Mkatoliki Josef Pieper alichapisha kitabu chake kuhusu mapumziko na ibada, Muße und Kult. Nchi nzima ilikuwa inajengwa upya, kila mtu anahimizwa afanye kazi, naye anaandika kwamba binadamu hakuumbwa awe mfanyakazi tu, na kwamba mapumziko ya kweli yana mzizi wake katika kumwabudu Mungu. Hakuwa anamjibu McDonald; sidhani kama alijua yupo. Lakini kwa mwanafunzi wa falsafa mwenye hotuba mkononi, tarehe kama hizo ni sawa na sukari kwenye chai.

Hotuba ikawa imekamilika. Ikabomolewa na Kitabu cha Kutoka.

Sura ya 12, aya ya 11. Tunaisoma kila Alhamisi Kuu, lakini sikuwahi kuisikia kama nilivyoisikia mwezi huu. Waisraeli wanaagizwa kula Pasaka wakiwa wamejifunga viuno, viatu miguuni, fimbo mkononi, na waile upesi. Hicho ni chakula cha haraka, na aliyeagiza ni Mungu. Hakuna meza iliyotandikwa wala mazungumzo baada ya mlo. Wanakula kama watu ambao injini haijazimwa. Basi, kama haraka yenyewe ingekuwa dhambi, tungekuwa na tatizo kubwa kuliko baga.

Lakini rudi nyuma aya saba. Pale pale, katika mlo ule wa haraka, limewekwa sharti: kama nyumba ni ndogo mno kumaliza mwanakondoo, iungane na jirani yake. Usiku wa kutoroka, jeshi la Farao liko karibu, na bado lazima uhesabu ni nani yupo nyumba ya pili.

Hapo nikamkumbuka kaka na kioo alichokishusha. Na nikakumbuka sehemu ya mazungumzo yetu ya usiku ule, ambayo kwa kweli nilikuwa najitahidi kuisahau.

Nilikuwa nimemwambia, kwa sauti ile ambayo mafrateri tunaijua, kwamba mtu akae mezani ale kama mtu. Hakukasirika. Alisema: "Mdogo wangu, wewe una kengele inayokuita mezani. Ukifika umeshapikiwa. Mimi nikikaa mezani dakika arobaini, abiria wawili wamekwenda. Kibandani napapenda, lakini hakuna pa kuegesha." Akala kidogo, kisha akaongeza akicheka: "Wala usifikiri ni hapa tu. Hata kanisani naingia hivihivi. Misa ya kwanza, napanga foleni, napokea, natoka. Miaka tisa, parokia moja, na hakuna anayejua jina langu. Tofauti ni kwamba hapa kisanduku husema karibu."

Yeye alicheka. Mimi sikuweza.

Nilimwuliza kuhusu jumuiya. Alikwenda mara mbili, mwaka wa kwanza. Walikutana katika saa ambazo yeye huwa barabarani, kwa hiyo mara zote mbili alipoteza kazi ili afike. Mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza anatoka wapi. Mara ya pili jina lake lilisomwa, kwenye orodha ya wasiotoa mchango. Namwamini, kwa sababu siku zote amekuwa mtu wa kupunguza habari badala ya kuiongeza. Simtetei kwa kila kitu. Angeweza kwenda mara ya tatu, angeweza kumfuata katekista, angeweza kukaa hadi baraka ya mwisho hata Jumapili moja kwa mwezi. Nilimwambia hivyo, naye alikubali. Lakini kati ya mgeni na mwenyeji, kwetu sisi, ni nani anayepaswa kutangulia kusema karibu? Mtoto wa darasa la kwanza analijua jibu.

Ndiyo maana hotuba yangu dhidi ya baga nimeitupa. Dirisha linaloniogopesha sasa ni la kwetu.

Nianze na hapa seminarini, ili nisionekane nawanyoshea kidole walei. Tuna bwalo, tuna meza ndefu, tuna sala kabla na baada ya chakula, tuna vyote ambavyo kaka hana. Lakini tutazameni Jumatano saa saba mchana, siku ya nyama. Sala inasomwa kwa pumzi moja. Kabla Amina haijaisha, kijiko cha mchuzi kimeshashikwa. Aliyekaa mwisho wa meza anaijua hali ya bakuli linapomfikia. Dakika kumi na mbili (nilizihesabu, na nisamehewe kwa kutazama saa) wengi tumeshainuka, na frateri aliyekuwa zamu ya kuhudumia ndiyo kwanza anakaa, peke yake, mbele ya viti vilivyosukumwa ovyo. Hakuna injini inayotungoja nje. Hakuna abiria. Ile namna mbili za Thoma, ya kabla ya wakati na ya pupa, hazihitaji gari.

Halafu parokiani. Mwaka jana nilikuwa kazi ya kichungaji katika parokia moja ya mjini, na sherehe ya somo wa parokia iliangukia wakati wangu. Kamati iliamua chakula kigawiwe kwenye vibokisi, kila mtu achukue chake langoni. Sababu zao zilikuwa za maana: viti vya kukodi ni ghali, masufuria ya kuosha ni mengi, na safari iliyotangulia kulikuwa na kusukumana. Kweli, hakukuwa na kusukumana. Saa saba kasorobo uwanja ulikuwa mweupe. Bibi mmoja wa WAWATA aliyekuwa amevaa kitenge kipya alisimama chini ya mwembe na kibokisi chake, akiangalia kulia na kushoto kama mtu aliyefika baada ya sherehe kwisha. Nikamsindikiza nyumbani. Mwenyewe hakulalamika, alisema kibokisi ni kizuri kwa sababu mjukuu mgonjwa naye atapata. Kwa hiyo sisemi vibokisi ni dhambi. Nasema tuliokoa muda, na sikumwona mtu yeyote aliyejua wa kufanyia nini.

Kuna hoja inayopingana nami, na niliisikia kwa mwalimu wangu mmoja ninayemheshimu sana. Misa, alisema, si mahali pa kufahamiana. Tunakwenda kumwabudu Mungu. Anayetaka marafiki ajiunge na timu ya mpira. Liturujia ikigeuzwa kuwa baraza la salamu, tumepoteza kilicho kikubwa kwa ajili ya kilicho kidogo. Nakubaliana naye nusu. Kimya baada ya Komunyo ni kitu ninachokipenda kuliko karibu kila kitu kingine katika wiki yangu, na sitaki mtu anipe mkono wakati huo. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu kuila karamu ya Bwana isivyostahili, kosa lililokuwa mbele yake lilikuwa hili: wengine walitangulia kula, mmoja akabaki na njaa na mwingine amelewa. Dawa aliyowapa, mwishoni mwa sura ya 11, ni kwamba wanapokusanyika kula wangojane. Nimeutafuta ukali mkubwa zaidi na sikuupata. Anazungumza juu ya hukumu, juu ya ugonjwa na kifo, halafu anamalizia na jambo ambalo mama yeyote huwaambia watoto wake jioni: mngojeni mwenzenu.

Sasa nirudi kwenye baga, maana kuna habari moja ambayo nilikuwa nimeiweka pembeni, na inahusu ile Ijumaa niliyoshtukia kwenye kisanduku.

Kanuni ya 1250 ya Sheria za Kanisa inasema kila Ijumaa ya mwaka ni siku ya toba, na zamani agizo la kuacha nyama lilishikwa kwa ukali kuliko leo. Mwaka 1962 huko Cincinnati, Ohio, Mkatoliki mmoja aitwaye Lou Groen alikuwa na tawi la McDonald's katika mtaa wenye Wakatoliki wengi, na Ijumaa mgahawa wake ulikuwa unakauka. Akatengeneza mkate wenye samaki. Ray Kroc, ambaye wakati huo alikuwa ameshainunua kampuni kutoka kwa wale ndugu wawili, hakutaka migahawa yake inuke samaki. Yeye alikuwa na wazo lake la kipande cha nanasi na jibini ndani ya mkate. Wakaamua kuvishindanisha siku ya Ijumaa Kuu. Kwa masimulizi ya Groen mwenyewe, mikate ya samaki iliuzwa 350 na ya nanasi 6. Samaki yule yuko kwenye orodha yao hadi leo.

Wengine husimulia kisa hiki ili kucheka habari ya nanasi. Mimi kinanigusa mahali pengine. Wale Wakatoliki hawakuandamana wala hawakuandika barua. Walikaa nyumbani Ijumaa, basi, na kampuni iliyojengwa juu ya kutomngoja mtu ikalazimika kuwangoja wao. Na Groen, kwa upande wake, alifanya kazi ambayo ningependa kuiona kwa kila mwenyekiti wa jumuiya: alitazama viti vitupu, akajiuliza ni akina nani hawapo, siku gani hawapo, na kwa nini. Alitafuta fedha, ndiyo. Lakini alijua majira ya watu wake kuliko baadhi yetu tunavyoyajua ya waamini wetu.

Mkutano mkuu wa AMECEA wa mwaka 1976 ulizungumzia kujenga jumuiya za Kikristo katika Afrika Mashariki, na jumuiya ndogondogo tulizo nazo ni tunda la uamuzi wa miaka ile. Zilikusudiwa ziwe ndogo ili mtu asipotee. Kwetu nyingi hukutana Jumamosi asubuhi. Ni nani hawezi kufika Jumamosi asubuhi? Dereva, mlinzi anayetoka zamu ya usiku, muuguzi, mama ntilie, kijana wa bodaboda, binti wa kazi za ndani ambaye ndiyo siku ya kufua. Ni wengi. Katika vitabu vyetu wanaitwa wasiohudhuria, na jina hilo tukishawapa hatuwaulizi tena swali lolote.

Ninachopendekeza ni kidogo, nami ni frateri, sina parokia. Kila parokia ya mjini iwe na walau jumuiya moja inayokutana saa ambazo watu wa zamu wanaweza: saa nne usiku, saa tisa mchana, hata ndani ya kituo cha teksi. Michango isisomwe mbele ya mtu ambaye jina lake hatujamwuliza. Sherehe ya somo, kama vibokisi haviepukiki, vifunguliwe hapohapo uwanjani, watu wakae chini ya mwembe kwenye mikeka. Baada ya Misa ya kwanza awepo mtu mlangoni, ikiwezekana sisi mafrateri tukiwa likizo badala ya kubaki sakristia tukikunja kanzu, na kuwe na birika la chai ya rangi. Anayewahi kazini aondoke na baraka zetu. Lakini aondoke akiwa amesikia karibu kutoka kwenye kinywa chenye meno.

Na bwaloni, tumngoje frateri wa zamu akae. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Kaka nimemtumia makala hii kabla ya kuichapisha, kwa sababu maneno mengine ni yake. Aliisoma akiwa kwenye foleni, akanipigia. Hakuwa na pingamizi kuhusu mambo ya kanisani, ila aliuliza kama paroko wake husoma jarida hili. Malalamiko yake yalikuwa juu ya yule askari. Alisema nimemwandika kama vile kila siku hukataa. Kumbe usiku mwingine huwa anakubali, anaegemea dirishani, wanaongea habari za watoto wake walioko Kitui, na hapo viazi vya kukaanga havifiki popote.